Mwaka Mkojo Wangu Ulipotungiwa Wimbo

Shangazi alinishika mkono tukiwa bado na udongo wa makaburini kwenye viatu. Watu walikuwa wamepanga foleni ya kunawa, masufuria ya maharage yanafuka moshi nyuma ya nyumba, na mimi natafuta pa kukaa ambapo hakuna mtu atakayeniomba nichekeshe. Akanivuta mpaka karibu na pipa la maji. "Zeno," akasema, "wewe ulijua." Nikamwambia, shangazi, nilisema. "Ulisema kwa utani." Nikamwambia nilisema hivihivi kama ninavyosema sasa. Akaniangalia usoni kama mtu anayetafuta changarawe kwenye mchele, halafu akauliza, "Sasa wewe ukisema jambo la kweli, mtu atalijuaje?" Hakungoja jibu. Akaniachia mkono akaenda kugawa sahani, na mimi nikabaki pale na pipa.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: Osmund, tuliyemzika asubuhi hiyo, ni mtoto wa shangazi yangu, na mtoto wa shangazi ni binamu, na binamu ni mtani. Naweza kuingia kwao nikaondoka na kuku. Naweza kumwambia mama yake mbele ya padri kwamba mwanae ana sura ya fuko. Sheria ni moja tu, asiyecheka ndiye mwenye kosa. Osmund amekufa kwa figo. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa mashine ya kumsafisha damu, na maji ya kunywa alipimiwa kikombe kidogo cha kahawa, siku nzima, akimaliza amemaliza. Nilimkuta siku moja analamba kipande cha ndimu huku anaangalia bomba la jirani linalovuja, anaangalia kama wengine tunavyoangalia mpira. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo habari za figo sikuzipata shuleni. Nilizipata kwa kubeba choo, mwaka uleule ambao yeye aliziua zake.

Mwaka huo tulikuwa tunakaa chumba kimoja Lizaboni, hapa Songea, nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza mkaa. Magunia yake yaliegemea ukuta wetu, vumbi linapenya dirishani, shuka letu lilikuwa jeusi hata likitoka kufuliwa. Godoro moja, jiko moja, sahani moja kubwa ya bati ambayo tulikula pamoja tukiwa tumegusana magoti. Wakati wa mavuno kazi yetu ilikuwa kupakia mahindi kwenye malori. Miezi mingine kazi yetu ilikuwa kuongea kuhusu mahindi. Jioni ugali na dagaa wa Nyasa, na Osmund alikuwa anamla dagaa mmoja kwa heshima, kichwa kwanza, anatafuna, anapumzika, ungedhani ana samaki mzima wa mbasa mbele yake. Alikuwa na jozi moja ya viatu vya maana, akivipiga brashi hata siku ambayo haviendi popote. Hela hakuwa na uchu nayo, akiipata anaigawa. Alitaka kitu kimoja tu duniani na hakukificha: siku moja ashuke stendi ya Songea, watu wasimame wamtazame, waseme yule amekuwa mtu.

Aliyetuchukua anaitwa Alto, kijana wa mtaa wa Bombambili aliyekuwa mpishi wa watalii kule Kilimanjaro. Alikuja likizo, akakaa kwenye godoro letu, akala dagaa wetu, akasema anaweza kutupeleka tukawe wagumu. Wagumu ndio wapagazi, wale wanaopandisha mizigo ya wazungu mlimani.

"Sisi tunabeba magunia ya mahindi," Osmund akasema. "Begi la mzungu ni nini?"

"Begi siyo shida. Shida hewa. Kule juu hewa imepungua, bwana. Unaweza kuwa na kifua kama cha maksai na mlima ukakulaza chini kama mtoto."

"Mimi silazwi."

"Haya. Halafu mjue, msimu ukiisha kiongozi wetu anabakiza mgeni mmoja. Mmoja tu, wengine mnarudi kwenu."

Osmund akageuka kuniangalia. Nilikuwa nakomba sahani kwa kidole. Akatabasamu kama mtu ambaye kesi yake imeshaamuliwa.

Sasa niseme la aibu. Kuanzia kambi ya pili, mimi nilianza kukojoa kama ng'ombe. Siyo mzaha. Nakunywa kikombe kimoja, natoa viwili, sijui hicho cha pili kilikuwa kinatoka wapi, nilihisi nakojoa mpaka uji wa utotoni. Njiani nauweka mzigo chini, nakwenda nyuma ya jiwe, narudi, hatua chache, natafuta jiwe lingine. Kwenye hema tulilala tumebanana kama samaki kwenye ungo, na anayetoka lazima akanyage goti la mtu na aingize baridi ya kukata masikio. Walinivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili Alto alipokuwa anagawa uji akaniruka, akasema, "Wewe Kikojozi subiri, wako nakuwekea kijiko." Jina likakaa hapohapo. Osmund ndiye aliyecheka zaidi, na ana haki, ni mtani wangu. "Huyu jamani msimshangae," akawaambia, "kwao walikuwa wanaanika godoro mpaka kipaimara." Nikacheka na mimi. Usipocheka una kosa.

Osmund yeye alishafanya uamuzi wake. Hanywi. Chai akipewa anaishika mikononi mpaka inapoa, halafu anaimwaga pembeni taratibu, unaona mchanga unameza. Kichwa kilimuuma kila siku, na dawa yake ilikuwa diklofenaki, vidonge vya maumivu, alivyoviweka mfukoni na kuvimeza kama karanga, vikavu, bila tone la maji. Kutwa nzima yuko na mzigo kichwani na haendi nyuma ya jiwe hata mara moja. Midomo ilimpasuka, pembeni ikafanya ukungu mweupe, na wagumu wakampa jina la heshima: Tangi. Kiongozi wa msafara, mzee mmoja wa kulekule mlimani ambaye wote tulimwita Chifu, alilipenda hilo jina. "Tangi halivuji," alisema mbele yetu wote. "Watu kama Tangi ndio nawataka. Huyu mwingine ananisimamishia msafara kila kona." Nikawa najua nimeshaikosa ile nafasi. Lakini mimi nafasi sikuiwania sana, nilikuwa nimekwenda kuona theluji, na theluji yenyewe nilipoiona nikaikojolea.

Mzungu mlimani ana choo chake. Ni kiti cha plastiki, ndoo, na kihema kidogo cha kujifichia, na yupo mtu ambaye kazi yake ni kukibeba na kukisafisha. Chifu akasema nikabidhiwe mimi, kwa sababu mimi na choo ni ndugu wa damu. Wakacheka mpaka mmoja akaangusha mzigo. Kumbe ile adhabu ndiyo iliyonipa elimu. Kihema cha choo kinawekwa nyuma ya hema la chakula la watalii, na asubuhi mimi nachuchumaa pale nasugua ndoo huku nasikia kila kitu. Kila asubuhi Chifu anapita meza nzima. Anawabana kidoleni kwa kile kidude cha kupima hewa, halafu anauliza. Kiingereza changu kilikuwa cha "gud moning ticha", lakini hilo swali nililielewa mapema kwa sababu alikuwa anauliza na vidole: umekojoa mara ngapi? Mama mmoja mwembamba, mweupe kama unga wa muhogo, akanyanyua mkono wenye vidole vyote vitano, na Chifu akampigia makofi. Makofi kabisa. Meza nzima ikampigia. Nikaacha kusugua. Mkojo wa mzungu unapigiwa makofi, wangu unapewa jina, na mlima ni huohuo mmoja.

Halafu kulikuwa na babu mmoja wa kizungu, mcheshi, mnene kiasi, alitufundisha kuhesabu kwa lugha yao. Asubuhi moja akatoka hemani macho yamekuwa vitobo, uso umevimba, anatabasamu lakini tabasamu halifiki juu. Chifu akamfuata Alto jikoni, hatua chache kutoka nilipochuchumaa.

"Supu yake acha. Yule babu anashuka."

"Anashuka? Si amekula vizuri jana?"

"Hajakojoa tangu jana mchana. Maji yamekwenda usoni, hujamwona? Kama kaumwa na nyuki."

"Labda baridi."

"Baridi gani. Mtu akipanda huku juu anatakiwa amwage maji. Hewa ndogo, unapumua haraka haraka, figo zinatoa chumvi na maji ili damu ikae sawa, iwe nzito kidogo, ibebe hewa ya kutosha. Anayekojoa sana, huyo mlima umemkubali. Anayefungia, maji yanatafuta pa kwenda. Yanaanza usoni na miguuni. Baadaye kifuani, na kichwani. Nikimwacha mpaka kesho nitateremsha maiti."

"Lakini kileleni hajafika, na amelipa."

"Na maiti itakuwa imelipa pia. Waite vijana wa machela."

Nikasimama na ndoo yangu mkononi. "Chifu, shikamoo. Kwa hiyo mimi ndiye mzima kuliko wote hapa?"

Akaniangalia, akaiangalia ndoo. "Nani kakuita?"

"Nauliza tu. Anayekojoa sana mlima umemkubali."

"Mimi nazungumzia watalii. Wewe ni ulevi wa chai tu."

Alto akacheka mpaka kijiko kikagonga sufuria. Nikauliza tena, maana ulimi wangu hauna breki, "Na Tangi je? Naye hakojoi. Mbona yeye hateremshwi?"

"Tangi?" Chifu akasema, akiwa anaondoka. "Tangi anafanya kazi."

Hilo jibu nimelifikiria miaka yote hii. Halikuwa na hasira wala chuki. Mtu alikuwa anajua kabisa figo inafanya nini kule juu, alijua kuliko kitabu, na haikumpitia akilini kwamba na sisi tumezaliwa nazo. Babu wa kizungu akateremshwa kwenye machela yenye gurudumu moja, vijana sita wanabadilishana, na jioni redio ya mawasiliano ya Chifu ikasema ameshaanza kukojoa njiani, kila kituo, mpaka wanamsimamisha wanacheka. Watalii wakashangilia habari hiyo mezani. Osmund alikuwa nje na mzigo ambao haujafunguliwa, amekaa juu ya jiwe, anameza kidonge. Nikamfuata, nikamwambia binamu, kunywa maji, nimesikia hivi na hivi. Akanijibu bila kugeuza shingo, "Unataka na mimi niwe kama wewe ili ile nafasi tuigombanie vizuri?" Nikamwachia chupa yangu pale kwenye jiwe. Asubuhi niliikuta imejaa, imeganda.

Siku ya kuagana wagumu huwa wanawaimbia watalii na kuwachezea. Safari ile wakabadilisha maneno. "Kikojozi eee, mlima umelowa, msiseme mvua, ni Zeno kapita." Osmund ndiye aliyeongoza, sauti kavu inakwaruza kama mlango wa bati, na wenzake wanaitikia kwa nguvu. Wazungu wakapiga makofi kwa mdundo. Yule mama mwembamba akaja akacheza katikati, akanikumbatia, machozi yanamtoka kwa furaha, anadhani ni wimbo wa kumshukuru Mungu. Kila safari iliyofuata msimu ule waliuimba tena, na kila safari kuna mzungu aliyeurekodi. Sehemu fulani duniani mkojo wangu umehifadhiwa vizuri.

Msimu ulipoisha Chifu akambakiza Tangi. Mimi nikapewa nauli. Basi liliposimama Madaba watu wachimbe dawa, abiria wote walishuka isipokuwa mimi. Sikuwa na haja hata kidogo. Mwili wangu ulikuwa umerudi kawaida na hakukuwa na mtu wa kushuhudia. Songea nikakuta jina limefika kabla yangu, Alto alikuwa amepiga simu. Watoto wa mama muuza mkaa walinipokea kwa wimbo wote, na ubeti mmoja wameongeza wenyewe. Nikarudi kwenye mahindi, nikawa nalala peke yangu kwenye godoro, nakula dagaa wote, na sikuona raha.

Osmund alikuja Desemba, mdogo wake alikuwa anapata kipaimara. Na kweli, alipoteremka stendi, watu walisimama. Aliondoka mwembamba kama mwiko, amerudi uso umejaa, mashavu yanang'aa, shingo imekuwa moja na mabega. Kwetu ukirudi hivyo huulizwi umepitia wapi. Umekula. Wamama wa sokoni walimfinya mashavu. Bodaboda waligombania kumbeba. Shangazi alimzunguka akimtazama kila upande, analia na kucheka, "Mlima umemkubali mwanangu, jamani, mlima umemkubali," na jirani akamshauri mwanae na yeye aende mlimani. Mimi nilimwangalia macho. Vitobo. Ule uso niliujua, niliuona ukiteremka kwenye machela. Lakini uvimbe wa mlimani unaisha ukishuka, yule babu alipungua kabla hajafika geti la chini ya mlima. Wa Osmund ulikaa wiki nzima hapa Songea, asubuhi uko usoni, jioni umehamia miguuni, na viatu vyake vya maana akawa anavaa bila kufunga kamba.

Siku ya sherehe walifunga turubai uani kwa shangazi. Pilau, nyama ya nguruwe, ndoo za pombe ya komoni, ulanzi wa mianzi wa waliotoka Madaba. Nilikuwa nimemwomba shangazi asubuhi nizungumze naye, akasema maneno yako nayajua, kamenye vitunguu. Mchana baada ya chakula wakaita watani. Ndiyo desturi, mtani anasimama, anawatukana wenye sherehe, wanampoza kwa kitu, anakaa. Nikaona basi, hapa watu wote wapo, mama yake yupo, wazee wapo. Nikasimama.

"Jamani, huyu hajanenepa," nikasema.

Wakacheka tayari.

"Haya ni maji. Figo zake zimeharibika. Muulizeni mara ya mwisho amekojoa lini."

Bibi mmoja akajiegemeza kwa mwenzake, anajifuta machozi kwa khanga. "Kikojozi anawatafuta wenzake," mtu akasema nyuma, na turubai zima likalipuka.

"Shangazi, sitanii. Mpelekeni hospitali kesho asubuhi. Akirudi kule juu atakufa."

Hapo ndipo walipopiga meza. "Muone uso wake," wanaambiana, "hata hacheki, huyu fundi, anamzidi marehemu babu yake." Kila nilivyokaza sauti ndivyo walivyozidi kufurahi. Nilifika mahali nikapiga magoti mbele ya shangazi, na shangazi, anacheka mpaka hana pumzi, akachukua paja la kuku akaniwekea mkononi. Ndiyo malipo ya mtani. Maana yake tumekusikia, sasa kaa. Osmund akasimama kunijibu, maana na yeye ana haki. "Mtu anayekojoa kama ng'ombe," akasema, "leo ananifundisha figo." Wakambeba juu.

Nikatoka. Jua lilikuwa bado kali, muziki umewashwa upya, na mimi sikutaka kuonwa nikilia na paja la kuku. Baada ya muda nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamkuta Osmund kwenye kivuli cha bafu, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amevua kiatu kimoja na kushusha soksi. Soksi ilikuwa imeacha mtaro kuzunguka mguu. Alikuwa amebonyeza dole gumba kwenye ugoko, akalitoa, na shimo likabaki palepale, kama kwenye unga wa maandazi. Alikuwa analiangalia.

"Binamu," akasema.

"Naam."

"Yule babu ulisema alikojoa njia nzima?"

"Njia nzima. Kila kituo."

"Mimi nimeshashuka." Akabonyeza tena pembeni ya lile shimo, likawa shimo la pili. "Niko chini wiki nzima."

"Twende kesho hospitali. Nitakusindikiza mimi, hakuna atakayejua."

"Kesho kutwa Chifu ananisubiri."

"Basi tumwambie mama yako. Sasa hivi, wewe mwenyewe umwambie."

"Si umeshamwambia? Mbele ya watu wote."

"Hawajaamini, Osmund."

"Ndiyo," akasema. Akapandisha soksi taratibu mpaka mashimo yakafunikwa. "Umenisaidia sana. Nilikuwa naogopa kuna mtu ataona."

Kiatu kilikataa kuingia. Akakikanyaga kisigino kama ndala, akasimama, akajifuta uso kwa mikono miwili. Mtu alikuwa anaita jina lake kutoka kwenye turubai, Tangi, Tangi yuko wapi, na yeye akaanza kucheza palepale kabla hajazunguka kona. Nikasikia shangazi anapiga vigelegele.